Aliyelipa Bei Kamili

Mwalimu hakuwa mtu wa kukaa. Nilimjua kwa miaka minne, kuanzia 2015, na katika miaka hiyo nimemwona akila wima, akisali wima, akisoma gazeti huku akitembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine pale ukumbini, chini ya jengo letu la Marshalltown, Johannesburg. Ukimwambia, "Mwalimu, si ukae hata kidogo?" alikuwa anajibu, "Hapana, kiti kitanizoea." Anacheka, na kabla hujamaliza kucheka naye ameshafika upande wa pili kumfungulia mtu mlango. Alinichosha. Mimi mwenyewe si mtu wa kutulia, lakini mbele yake nilijiona mvivu wa kutupwa.

Alikuwa mlinzi. Mimi nilikuwa ghorofa ya tatu, nikichora mabomba ya maji kwa kampuni ndogo ya wahandisi, naye alikuwa mlangoni, amevaa sare ya buluu iliyomzidi mabega, akiandikisha wageni. Jengo zima lilimwita sekyuriti. Mimi nilimwita Mwalimu kwa sababu siku ya kwanza alinisikia nikimfokea fundi kwa simu, kwa Kiswahili, nikidhani hakuna anayeelewa. Akanisubiri nimalize.

"Mama, uko Mukenya," akasema.

"Umejuaje?"

"Munasema sawa na watu wanaofukuzwa."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Akaniambia kwamba alifundisha jiografia Kalemie, Kongo, miaka mingi, kabla vita havijamsukuma kusini, nchi baada ya nchi, mpaka akajikuta Johannesburg akilinda mlango wa kioo. Hakusema zaidi ya hapo kuhusu alikotoka, nami sikumuuliza. Kati yetu tulio wageni mji huu, kuna maswali mtu haulizi mpaka mwenzake afungue mlango mwenyewe.

Jiografia haikumtoka. Kwenye mfuko wa ndani wa koti alikuwa na ramani ya barabara iliyokunjwa mpaka mikunjo ikatoboka, ameibandika karatasi ya gundi kila pembe. Alijua mto gani unaingia mto gani. Ni yeye aliyenifundisha, mimi ninayelipwa kwa kazi ya maji, kwamba Johannesburg imekaa juu ya mgongo wa nchi: mvua ikinyesha upande wa kaskazini inaishia Bahari ya Hindi, ikinyesha upande wetu inaishia Atlantiki. "Sisi wa La Rochelle," alikuwa anasema kuhusu kitongoji chetu, "tukioga, tunapeleka povu Atlantiki. Matajiri wa Sandton wanapeleka lao upande wa Mombasa. Mutu asiyejua maji ya nyumba yake yanaelekea wapi, huyo ni mupangaji tu." Tulikuwa wapangaji wote wawili, yeye chumba kimoja nyuma ya duka la viatu, mimi vyumba viwili mtaa wa pili. Lakini tangu siku ile siwezi kumwaga maji ya vyombo bila kufikiria yanakokwenda.

Basi ni huyo mtu asiyetulia aliyenitia kwenye safari za wazee. Huko La Rochelle kuna kanisa letu, ukumbi ulio nyuma ya maduka, ambako ibada huwa ni kwa Kiswahili cha kila namna, cha Kongo, cha Burundi, cha Tanzania na cha kwetu. Jumapili moja alinikuta nje nikifungua gari langu.

"Gari yako iko na viti saba," akasema, "na wewe uko mutu mumoja. Hii ni dhambi."

"Mwalimu, ni dhambi gani hiyo? Imeandikwa wapi?"

"Jumamosi, saa mbili asubuhi. Wazee watano. Mimi nitasoma ramani."

Hakuniomba, alinitangazia. Na Jumamosi hiyo nikajikuta kwenye barabara kuu ya kusini, wazee watano wamejipanga nyuma na vyakula vyao kwenye ndoo, Mwalimu amekaa kando yangu akitaja kila kilima kwa jina. Ndani ya gari alikaa kwa sababu hakuwa na njia, lakini magoti yake yalicheza njia nzima, na kila baada ya nusu saa alitafuta sababu ya kusimamisha gari: daraja, bango, jiwe la ajabu. Tulikuwa tukienda kwenye hifadhi moja ndogo ya serikali, mwendo wa saa moja na nusu, yenye pundamilia, swala na bwawa. Wazee hawa walikuwa wameishi nchi hii miaka kumi, wengine kumi na mitano, na wengi hawakuwahi kutoka nje ya mji ila kwenda kupanga foleni ya karatasi. Mmoja wao, Koko, bibi kutoka Uvira aliyeuza vitenge mpaka miguu ikamkatalia, alipoona pundamilia wa kwanza alimwamkia kwa mkono.

Pale getini palikuwa na bango. Mwalimu alilisoma lote kwa sauti, mara mbili. Wazee wa miaka sitini na zaidi, wawe na kitambulisho cha nchi au karatasi ya ukimbizi, walikuwa na haki ya kadi. Mwenye kadi huingia kwa nusu bei mwaka mzima, na siku za kazi huingia bure. Akaomba fomu tano. Alipozipata alizishika kwa mikono miwili, na njia nzima ya kurudi hakusimamisha gari hata mara moja.

Fomu zile alizijaza yeye, moja baada ya nyingine, jioni, nyumbani kwa kila mzee. Na hapo ndipo nilipoona ukali wake. Koko hakujua mwaka wake wa kuzaliwa vizuri, karatasi yake ilifutika mahali, na mimi nikasema, "Mwalimu, andika wowote, si anaonekana ni mzee?" Aligeuka akanitazama hivi kwamba nilitamani kurudisha maneno mdomoni.

"Tutapiga simu Uvira," akasema. "Kaka yake yuko hai. Karatasi haipashwi kudanganya."

Alipiga mara tatu, kwa salio lake, mpaka kaka mtu akapatikana na mwaka ukapatikana. Kwa ajili ya kadi ya kuangalia pundamilia! Nilicheka wiki nzima. Nilimsimulia kila mtu ofisini habari ya mlinzi wetu asiyejua kutia chumvi hata punje.

Wazee wote watano walipata kadi. Yeye hakujaza fomu. Kila tulipokwenda, na tulikwenda kila baada ya miezi miwili hivi, wazee walitoa kadi zao kwa majivuno, na Mwalimu alitoa noti zake, bei kamili, sawa na mimi dereva. Nilidhani ana miaka hamsini na kitu, kwa sababu ndivyo alivyotaka nidhani. Ndevu zake zilikuwa nyeusi tititi, za rangi ya dukani, na kola ya sare ilikuwa na alama za rangi hiyo. Nilimtania, "Mwalimu, unatafuta mke?" Akajibu, "Watatu wamenikataa wiki hii. Wewe omba tu." Alitembea haraka kuliko mimi. Ngazi za jengo alizipanda akipiga mluzi, hasa msimamizi wake wa zamu alipokuwa karibu.

Msimamizi huyo alikuwa pia mpiga gitaa wa kwaya yetu. Mtu mzuri, lakini mwenye macho. Kila mwaka mwezi wa sita, baridi ikikaza, kanisa huwaita mbele wazee waliotimiza sitini na kuwapa blanketi. Mwalimu ndiye aliyepanga orodha, ndiye aliyenunua blanketi kwa bei ya jumla, ndiye aliyesimama mbele akiita majina na kumfunika kila mzee mabegani. Mchungaji akamwuliza kwa utani, "Na wewe Mwalimu, lini?" Ukumbi ukacheka. "Mimi niko bado napigana," akasema, na gitaa likaendelea. Alikuwa na koti jembamba la sare, na mikono yake ilikuwa imekauka kwa baridi. Niliona na sikuelewa, na leo najiuliza nilikuwa natazama nini.

Ilikuwa 2017, Jumamosi ya baridi, nyasi za njiani zote zimegeuka manjano. Getini alikuwepo msichana mgeni wa kazi, mwenye nywele za kusuka na tabasamu la bure. Alihesabu kadi za wazee, akainama kututazama dirishani.

"Kadi tano. Na mkhulu huyu?" aliuliza. Ndivyo Wazulu wanavyomwita babu.

"Huyo analipa kamili," nikasema.

"Kwa nini? Mkhulu, lete karatasi yako. Nakutengenezea kadi sasa hivi, dakika tano tu."

"Hapana, asante sana," Mwalimu akasema. "Nitalipa."

"Hapana, mkhulu, ni haki yako." Na mkono wake ukaingia dirishani, kiganja juu.

Nyuma yetu magari matatu yalikuwa yanangoja. Mtu akikataa kuonyesha karatasi, anaonekana ana jambo. Mwalimu alijua hilo kuliko sisi sote, akaitoa. Msichana akaisoma, akamtazama, akaisoma tena.

"Eish," akasema. Tabasamu lilikuwa limekwenda. "Hapa imeandikwa arobaini na minane. Mkhulu, hii ni karatasi ya mwanao?"

Hakuna aliyekuwa ndani ya gari lile asiyejua ilivyo karatasi yako inapokuwa mkononi mwa mtu mwingine na mtu huyo anasita kuirudisha. Msichana akageuza shingo kutafuta mkubwa wake.

Mwalimu akafungua mlango akatoka. "Dada," akasema kwa Kiingereza chake cha darasani, "mimi ni kijana. Maisha tu ndiyo yamenipiga." Na akaanza kukimbia. Alikimbia kupanda kilima kuelekea mlingoti wa bendera, mita hamsini au zaidi, viatu vya sare vikigonga changarawe, akauzunguka mlingoti, akashuka mbio huku anapunga mikono. Wazee nyuma walicheka mpaka machozi. Koko alipiga vigelegele. Madereva waliokuwa nyuma wakapiga honi kumshangilia. Msichana naye akashindwa kujizuia, akacheka, akaingiza karatasi dirishani. Mwalimu alilipa bei kamili. Mimi sikuwa na mbavu.

Aliporudi kitini, nilimgeukia nimwambie neno la utani. Alijaribu mara tatu kuingiza mkanda, ukamshinda. Midomo ilikuwa ya majivu. Nilimfungia mkanda mimi.

Kule bwawani wazee walishuka na ndoo zao. Mwalimu hakushuka. Nikabaki naye, injini imezimwa, yeye amefumba macho akivuta pumzi moja moja.

"Niko na miaka makumi sita na tatu," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza bila kunitazama. Mwaka aliofika, kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi, kulikuwa na mtu aliyepita akiwashauri wanaume: kateni miaka, kampuni za ulinzi hazichukui mtu aliyezidi thelathini na tano. "Kwenye ule mustari, wote tulikata. Kila mutu alikata yake. Mimi nilikuwa na makumi ine na tisa, nikasema niko na makumi tatu na ine. Karani hakunyanyua hata macho. Nikapata kazi wiki mbili nyuma yake. Nikaona niko mwerevu, ma fille, binti yangu. Nikafurahi!"

"Na sasa?"

"Sasa ile miaka kumi na tano iko inanirudia. Mukimbizi akifika makumi sita, serikali inamupa pesa ya wazee, sawa na wenyeji. Anaweza kupumzika. Mimi nikifika makumi sita ya karatasi, nitakuwa na makumi saba na tano ya kweli." Akagusa goti lake. "Na hili halisomi karatasi."

Kisha akaniambia kwa nini hakai. Mlinzi akionekana anajiinua kitini kwa kushika ukuta, anaandikwa, na mwezi unaofuata hayuko kazini. Akikaa, magoti yanakaza, na kuinuka kwake kunamsema. Kwa hiyo hakai. Mbele ya msimamizi hakai, kanisani hakai, na kwa kuwa mdomo wa mtu mmoja ukijua wote wanajua, hakai popote. Nilikumbuka kila "si ukae" niliyomrushia kwa miaka miwili, na kila aliponichekesha ili nisiendelee kumtazama. Niliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kushuka garini.

Lakini mimi, tabia yangu, siwezi kuona bomba linavuja nikaliacha. Nilianza kumsumbua. Kila asubuhi nilipopita mlangoni nilikuwa na wazo jipya: aandike barua, atafute cheti cha shule Kalemie, tumtafute aliyemfundisha. Mwaka uliofuata nilimpeleka kwa mwanasheria mmoja pale Marshalltown, mama anayewashauri wakimbizi bila malipo. Alitusikiliza vizuri. Akasema inawezekana kuomba umri usahihishwe. "Ila mstari wa kwanza wa ombi utakuwa kwamba ulitoa habari za uongo," akasema. "Wanaweza kusahihisha umri. Wanaweza pia kuuliza ni nini kingine kilikuwa uongo. Kijiji, vita, yote. Siwezi kukuahidi."

Tulitoka tukasimama kwenye robot ya kona, taa za kuvukia. Ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, na hatukuvuka. Watu walitupita pande zote.

"Jaribu, Mwalimu," nikasema. "Ukweli ni ukweli."

Ndiyo mara pekee aliyowahi kunipandishia sauti. "Wewe uko na pasipoti! Ukisema kweli, hakuna kitu chako kinaanguka! Unisikie vizuri: mimi nikisema kweli, inaanguka nyumba yote!" Mwuza ndizi wa pale kando akageuka kututazama. Mwalimu akashusha sauti. "Twende. Niko na zamu."

Baada ya hapo sikugusia tena. Nikapata kazi upande wa kaskazini, nikahama, safari zikapungua. Mzee mmoja alichukuliwa na watoto wake kwenda Kanada, wawili walifariki, mmoja akawa hatoki kitandani.

Mwaka 2019, mwezi wa tisa, alinipigia simu. Kadi ya Koko ilikuwa imeisha muda, na Koko anataka kuona pundamilia. Niliwachukua La Rochelle asubuhi, wao wawili tu. Mwalimu alikuwa amekonda. Kampuni ilikuwa imemtoa ukumbini na kumpeleka kwenye maegesho ya magari, nje, juani na kwenye upepo. Rangi ya ndevu ilikuwa imemshinda, mizizi yote nyeupe. Karatasi yake, aliniambia njiani, inakwisha mwezi ujao na ameshapangiwa siku ya kwenda kuihuisha.

Getini alikuwepo mama mtu mzima, miwani imefungwa uzi shingoni. Alimtengenezea Koko kadi mpya bila maneno. Kisha akamtazama Mwalimu. Aliomba karatasi kwa upole, akaisoma, akachapa namba yake kwenye kompyuta.

"Karatasi hizi huwa zinakosewa," akasema kwa sauti ya chini. "Najua. Shangazi yangu aliandikwa mdogo kuliko mwanawe wa kwanza." Akanigeukia. "Fomu ina mahali pa mtu anayemjua mzee kutia sahihi. Mama, wewe unamjua?"

"Namjua."

"Basi niambie tu. Ana sitini au hana? Ukisema anazo, naandika."

Vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe. Nami nikaona yote kwa mara moja: namba ya karatasi ile ile, miaka ya aina mbili, kompyuta ya serikali, na mwezi ujao.

"Hana," nikasema. "Ana hamsini."

"Hamsini?"

"Hamsini kamili." Nikaongeza kicheko. "Ni maisha tu, mama."

Alimtazama Mwalimu mara moja zaidi, akamrudishia karatasi. Mwalimu akatoa noti.

Tuliingia. Hakutaja kilima hata kimoja, hakusoma bango. Koko alisinzia nyuma, kadi yake mpya mapajani. Nilisimamisha gari karibu na bwawa, nikazima injini.

"Mwalimu, sikuwa na la kufanya. Karatasi yako inaisha mwezi ujao."

"Najua. Umejibu vizuri. Mimi mwenyewe ningejibu vile." Alifungua mlango, akatoa mguu mmoja, akabaki hivyo, nusu nje, akiangalia maji. "Ila yule mama aliniangalia, akaniona. Miaka kumi na sita hapa, hakuna mutu aliniona vile. Nikasema rohoni, acha nisikie tu binti yangu anatafuta neno kabla ya kuikana miaka yangu."

Akanigeukia.

"Hukutafuta," akasema. "Hukusita hata kidogo."